Asante za Mkwe na Kebo ya Povu

Nimefunga konekta za kebo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Sauti ya mkwe wangu niliisikia kwa mara ya kwanza redioni, akimweleza mtu wa Iringa kwamba konekta niliyomfungia mimi imebidi aikate. Mpaka leo mwili haujanirudi. Naandika nikiwa bado nimeduwaa, kwa hiyo ninyi vijana mnaoanza kushika redio mtanivumilia nikirukaruka.

Mnijue kwanza. Mimi ni Kibona, Mndali wa Ileje. Shule niliiacha darasa la tatu, na vyeti sina. Lakini nenda Tunduma, watafute madereva wa zamani, wale ambao sasa wanatembelea fimbo, uwaulize nani aliwafungia redio za upepo, zile za kuitana, kwenye malori kabla simu hazijashika njia ya Zambia. Waulize manesi wastaafu wa zahanati za bonde la Momba nani alipanda juu ya paa kuwawekea antena. Watakutajia mimi. Sijisifu, nasema kilichopo.

Siku hizi niko shambani Ihanda na kahawa yangu. Nina redio moja kuukuu ya kupokea. Waya wake wa antena unatoka kwenye paa la jiko hadi nguzo ya kichanja cha kuanikia kahawa. Leseni ya kurusha sina. Nasikiliza tu wale watu wa redio za ridhaa, wenye leseni zao, wanaozungumza mji kwa mji kwa kupenda, bila biashara. Nawasikia wakijisifia mitambo yao, nacheka. Nilikuwa nacheka, niseme.

Sasa konekta. Kebo ya antena ina waya mmoja katikati. Waya huo umezungukwa na plastiki nyeupe, juu yake kuna wavu wa shaba, na nje kabisa gamba jeusi. Kazi ya konekta ni ndogo kuitaja na ngumu kuifanya: waya wa kati uguse pini, wavu uguse mwili wa nje, na hao wawili wasigusane kamwe. Wakigusana, nguvu yote uliyotaka kuirusha hewani inarudi redioni kwako, na redio inaungua kifua.

Konekta ya redio kubwa tunaiita PL. Ina mwili, na ina pete ya nje inayozunguka na kukaza. Pete inaingia kwenye kebo kwanza, kabla hujalehemu chochote. Kila fundi duniani ameisahau walau mara moja, na anayekataa ni mwongo. Mimi niliisahau mbele ya mwalimu wangu, Mzee Simbeye, Mnamwanga mmoja mfupi aliyekuwa na karakana nyuma ya maegesho ya malori. Nililehemu konekta ikang'aa kama kijiko kipya, nikamwonyesha. Akaitazama, akatazama mezani.

"Kibona, hii pete ni ya nani?"

Nikaigeuzageuza konekta mkononi.

"Nimekuuliza, ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Basi ivae."

Akanivalisha kidoleni. Nikatembea nayo siku sita hapo Tunduma, madereva wananipa hongera ya ndoa, na mama mmoja muuza chapati akaniuliza bibi harusi katoka ukoo gani. Sijaisahau pete tena. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo, hakuna karatasi.

Kuchagua nako alinifundisha yeye. Konekta nyingi tulizinunua upande wa pili, Nakonde. Muuzaji anakuamkia kwa heshima zote, "Mulishani mukwai," halafu anakupa takataka inayometa. Wewe mjibu vizuri, kisha toa sumaku mfukoni. Ikidaka, hicho ni chuma kilichopakwa rangi, rudisha. Kuna siku muuzaji aliniambia, "Mzee, wewe unanunua konekta au unatafuta madini?" Nikamwambia vyote viwili. Ukitoka kwenye sumaku, angalia ile plastiki iliyoshika pini. Iguse kwa ncha ya pasi ya kulehemu iliyo moto. Ikivuja kama mshumaa, rudisha. Na hata iliyo nzuri, lehemu haikamati juu ya ule mng'ao. Chukua tupa, kwaruza kwenye vitundu mpaka uione njano ya shaba.

Sikilizeni namna yangu ya kulehemu, maana habari yote inaanzia hapo. Mwili wa PL ni mnene, unakunywa moto. Pasi ndogo ya umeme inauchemsha nusu saa, na lehemu inakaa juu kama uji uliopoa. Mzee Simbeye alikuwa na kipande kizito cha shaba chenye mpini wa mti, alikichomeka kwenye jiko la mkaa hadi kiwe na rangi ya machungwa. Ukikigusisha kwenye konekta, lehemu inaingia kwenye vitundu yenyewe, mara moja, kama maji kwenye udongo mkavu. Alipokufa, kile kipande nilirithi mimi. Wanawe walichukua baiskeli. Miaka yote nimefanya kazi kwa hicho, na hakuna konekta yangu iliyowahi kurudi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naamini.

Haya, mkwe.

Kwetu Wandali wa zamani, mke wa mwanao hakutazami usoni, hakusemeshi, wala jina lako halitamki. Ukiingia mlango huu, anatokea ule. Mkikutana njiani, anakaa pembeni kwenye majani mpaka upite. Ni heshima, chuki haimo. Wengi mmeiacha, mambo yenu. Mkwe wangu Atupele ni mwalimu wa fizikia, ana digrii, na hakuiacha. Miaka tisa ameolewa na mwanangu Lugano, dereva wa malori ya Kongo, na katika miaka tisa sikuwahi kuisikia sauti yake ikiwa peke yake. Kanisani niliisikia ndani ya kwaya, zimechanganyika. Nilijivunia jambo hilo kila mahali. Neno la kwake kuja kwangu lilipita kwa mke wangu, Mama Lugano. La kwangu kwenda kwake, njia ni hiyo hiyo.

Atupele anafundisha sekondari huko Ndalambo. Alisomea mtihani wa redio za ridhaa, akapata leseni na ishara yake ya wito, yaani jina la kuitwa hewani, akaanzisha klabu ya wanafunzi. Chama kimoja cha watu wa redio kikamwazima redio nzuri, mpya, ya kurusha mbali, kwa sharti moja: Jumamosi fulani saa nne asubuhi katibu wao aliyeko Iringa amsikie hewani. Asiposikika, redio inahamia shule nyingine. Na ikiungua, hakuna ya pili. Wanafunzi wake walishakata nguzo za mianzi kwa ajili ya antena.

Lugano aliponisimulia nikasema kebo naifunga mimi. Sikuomba, nilitangaza.

Tukaenda Ndalambo na Mama Lugano, tukapitia Tunduma, mimi na jiko langu la mkaa kwenye mfuko wa salfeti. Kondakta akaniuliza, "Babu, unaenda kuchoma mahindi?" Sikumjibu. Tulipofika, mkwe alishatoka kwenda kwa jirani, kama inavyotakiwa. Juu ya meza alikuwa ameacha kebo mpya, konekta za aina mbili, na karatasi imeandikwa mwandiko mdogo wa kiualimu, ukurasa mzima. Konekta za aina ya kwanza ni PL ninazozijua. Za pili zilikuwa na kikoba chembamba cha bati, zile wanazobana kwa plaizi maalumu bila moto. Nikazisogeza pembeni. Konekta isiyoonja moto mimi siihesabu. Ile karatasi sikuisoma. Herufi zilikuwa ndogo, na mimi mtu wa kusoma polepole, nikaona ni maelezo ya kitoto. Nilifutia shaba yangu, maana nilikosa kitambaa.

Nikalehemu. Kazi ilitoka safi, hilo hata leo silibishi. Nikapima kwa mita: waya wa kati na wavu havigusani. Huko nje nikafunga maungio kwa utepe wa mpira wa kuvuta, nikaiachia kebo tumbo linaloning'inia kabla haijaingia ukutani, ili maji ya mvua yadondokee chini yasifuate kebo hadi redioni. Hilo la tumbo mlishike, linaokoa redio nyingi.

Jioni hiyo mkwe aliingia akaikagua kazi mimi nikiwa kwa mwalimu mkuu. Niliporudi nikamuuliza mke wangu.

"Mkwe anasemaje?"

"Anashukuru sana, Baba Lugano. Amefurahi mno."

"Umwambie asante yake imefika. Na umwambie zile za kubana atupe."

"Nitamwambia."

Nikarudi Ihanda kifua mbele.

Jumamosi ikafika. Saa nne kasoro nilikuwa barazani, redio kuukuu imewashwa, Mama Lugano anachambua maharage kwenye ungo karibu na mlango. Yule katibu wa Iringa akaanza kuita. Kimya. Akaita tena. Nikasogeza sikio redioni, maana nilijua kinachoweza kupotea, redio nzima ya watoto wa watu. Mara ikaja sauti ya mwanamke, nzito kidogo, safi kama yuko jikoni kwangu, akataja ishara yake ya wito na kusema, "Hapa ni Ndalambo, wilaya ya Momba, nakupata vizuri sana. Ova."

Mama Lugano akainua kichwa. "Ndiye huyo!"

Sikujua niinuke nitoke au nibaki. Kwa mila siruhusiwi kuwa naye chumba kimoja, na sasa alikuwa kwenye meza yangu. Nikabaki nimeshika magoti.

"Mwalimu, unasikika kama uko mtaa wa pili," akasema mtu wa Iringa. "Redio inabaki kwako, hilo limekwisha. Wanafunzi wanasikia?"

Mkwe alipofungua kujibu, nyuma yake zikalipuka kelele za watoto. Nikapiga paja. Konekta yangu hiyo!

"Hebu tueleze kituo chako," akaendelea mtu wa Iringa. "Kebo umefungaje? Ova."

"Ya kwanza ilifungwa na fundi hodari kuliko mimi," akasema mkwe. "Lehemu ya nje sijaona safi namna ile. Lakini kebo hii ndani ni ya povu, si ile plastiki ngumu ya zamani, na moto ulikuwa mkali, povu likalainika. Ilipokuwa imenyooka ilipima vizuri. Nilipoikunja kuipitisha nyuma ya redio, waya wa kati ukahama ukagusa wavu. Nilijaribu kwa nguvu ndogo kabisa kwanza, mshale wa mawimbi yanayorudi ukalala mwisho. Nikaikata. Nikabana nyingine kwa plaizi. Ova."

"Bahati yako ulianza na nguvu ndogo. Ungeanza na kubwa tungekuwa tunazika redio. Fundi mwenyewe nani, tumweleze asije akaua ya mwingine?"

Nikasikia upepo wa redio tu.

"Jina lake silitamki. Ni mkwe wangu."

"Aaa. Pole. Lakini ajue."

"Alijulishwa. Nilimwachia karatasi, na baadaye nikamtuma mama. Mama akaniletea jibu kwamba baba amenielewa, amefurahi, na zile za kubana nizitumie. Ova."

Nilisimama, nikakaa. Nikasimama tena. Nikageuka. Mama Lugano alikuwa ameinamia ungo, anachambua maharage ambayo yalishachambuliwa.

"Mama Lugano."

"Abee."

"Nilisema azitumie?"

"Hukusema."

"Nilisema atupe!"

"Ndiyo, ulisema atupe."

"Na yeye alisema nini siku ile? Alishukuru?"

Akaweka ungo chini. "Alisema, 'Mama, mwambie baba kebo hii haitaki moto, imeharibika, asikasirike.' Hayo ndiyo maneno yake."

"Ukaniambia anashukuru!"

"Ulitaka nikwambieje? Nije nikwambie mkwe wako anasema umeharibu? Wewe? Ungekula chakula kile usiku ule? Ungelala pale? Ungebeba jiko lako mpaka Tunduma kwa miguu, nakujua."

Ni kweli, ningelibeba. Ndipo likanijia swali ambalo ningeweza kuliacha, sikuliacha.

"Na ile antena ya televisheni niliyowafungia walipokuwa wanakaa Tunduma? Alishukuru."

"Picha ilikuwa mchanga mtupu mwaka mzima. Lugano alimwita kijana akaibadilisha ulipokuwa Ileje msibani."

"Taa ya sola?"

"Baba Lugano, acha."

"Taa ya sola!"

"Iliwaka siku mbili."

Vijana, nimepigwa na umeme mara nyingi kuliko nilivyokula pilau. Nimeanguka paa la zahanati nikiwa na nyundo mkononi. Hakuna kilichonitikisa kama pale barazani. Miaka tisa ya asante, na sijui hata moja iliyokuwa ya kweli. Nilianza kuwafikiria na wengine: manesi, madereva, wake zao. Wangapi walimtuma mtu akaja kwangu na tabasamu? Nilisema hakuna konekta yangu iliyowahi kurudi. Nani angethubutu kuirudisha?

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Maneno yangu ulimpelekea yakiwa yamebadilishwa vilevile?"

"Ulisema ugali wake mgumu kama tofali. Nilimwambia umeomba uongezewe."

"Ndiyo maana kila nikienda kwake napewa mlima!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuja kucheka siku ya tatu, nikiwa peke yangu kwenye kahawa.

Nikamwambia aende Ndalambo aniletee konekta yangu, kama haijatupwa. Haikutupwa. Mkwe alikuwa ameifunga kwenye kitambaa, kama kitu cha thamani. Nikaibana kwenye jiliwa, nikaipasua kwa msumeno wa chuma kwa urefu. Nje, lehemu imejaa vitundu vyote, Mzee Simbeye angeipongeza. Ndani, ile nyeupe imekuwa kama jibini iliyoyeyuka, na waya wa kati umelalia ubavuni, umegusana na wavu. Nikavaa miwani nikatazama tena, labda macho yananidanganya. Ndivyo ilivyokuwa. Shaba ile ile, mkono ule ule, moto ule ule. Kilichobadilika ni kebo, na mimi sikuiuliza.

Basi shikeni hili. Kabla hujachagua konekta, kata kipande cha kebo, bonyeza ile nyeupe kwa ukucha. Ikikataa, ni ngumu, inavumilia lehemu ukiwa mwepesi wa mkono. Ukucha ukizama, ni povu, iache na moto wako, chukua za kubana. Na ukimaliza kufunga usipime ikiwa imenyooka tu. Ikunje huku mita imeshika, ikunje upande huu na huu, maana nyuma ya redio haitakaa imenyooka.

Nikamwambia mke wangu, "Rudi kwa mkwe. Safari hii peleka maneno kama yalivyo, usiyatie sukari. Sema: baba anasema amekosea, na anataka kujifunza kubana."

Akanitazama sana. "Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na akijibu vibaya?"

"Ulete vibaya."

Akaenda. Akarudi na plaizi ya kubania, konekta nne, kipande cha kebo, na jibu: "Mkwe anasema Jumamosi saa nne uwashe redio. Anasema pia ile shaba yako usiitupe, kuna kebo nene za zamani shuleni zinaihitaji." Nikamuuliza kama hilo la pili ni lake au ni la mkwe. Akaapa ni la mkwe. Nimeamua kuamini.

Jumamosi ile mtu wa Iringa alimwomba aeleze namna anavyobana, kwa faida ya wengine wanaosikiliza. Mimi barazani, plaizi mkononi. Sauti ikaja polepole, ikiacha nafasi kati ya neno na neno, kama mtu anayeona mikono ya anayemfundisha. Ivishe kebo kikoba kwanza. Nikacheka, maana ni pete ya Mzee Simbeye tena. Menya gamba, usijeruhi wavu. Tanua wavu, ingiza shingo ya konekta chini yake. Rudisha kikoba juu. Bana hadi plaizi iachie yenyewe, usiiwahi.

Nikabana.

"Sasa vuta kwa nguvu," akasema. "Iliyofungwa vizuri haitoki."

Nikavuta. Ikachomoka yote, ikabaki mkononi kama jino la mtoto.

"Ikitoka," ikasema ile sauti, taratibu, "asikasirike. Akate, aanze upya."

Mtu wa Iringa alidhani anaambiwa yeye, akashukuru. Mimi nilijua ni mimi. Nikakaa nimeshika kipande kile, macho kwenye redio, na siwezi kuwaeleza ilikuwaje.

Mama Lugano alikuwa amesimama mlangoni, ameshajifunga kanga ya safari.

"Napita Ndalambo kesho," akasema. "Nimwambieje?"

"Mwambie imetoka."